Kurasa za Makokha

Kwa miaka kumi na mmoja, tangu wastaafu, Kimanzi na Makokha walisoma gazeti moja. Kimanzi, aliyekuwa karani wa serikali, ndiye aliyelinunua. Makokha, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani, alitoka nyumba ya pili na kahawa ya shambani kwao Bungoma, iliyokaangwa na kutwangwa na mkewe Nabalayo. Waliichemsha kwenye sufuria mpaka majirani wa Buruburu wakajua kumekucha. Kisha gazeti liligawanywa: Makokha michezo na vifo, Kimanzi siasa. Biskuti za glukosi zilikaa katikati ya meza, kila mtu akichovya apendavyo.

Basi Muthoki, bintiye Kimanzi, akamnunulia baba simu janja na kumwekea magazeti yote humo. Mzee akavimba kichwa. Makokha alipobisha hodi asubuhi iliyofuata, Kimanzi alimwonyesha ile simu kwa majivuno yote.

"Siku hizi sinunui karatasi, bwana. Nasoma humu."

Makokha alitazama, akasema ni vizuri, akarudi kwake na kahawa yake. Kesho yake hakuja. Wala wiki iliyofuata.

Kimanzi alikuwa msomaji hodari lakini mzito wa kuelewa, na wiki tatu zilipita kabla hajang'amua alichofanya. Gazeti hugawanyika, simu haigawanyiki. Na Makokha si mtu wa kuingia kwa watu bila shughuli. Kimanzi alikuwa amemfukuza rafiki yake bila kuinua sauti.

Asubuhi hiyo alikunywa kahawa ya pakiti, ile ya kukoroga tu, akaona haina ladha ya kitu chochote. Alikuwa na hamu na Makokha. Alitamani hata ile tabia yake ya kusoma majina ya marehemu kwa sauti, akitafuta wenzake wa kiwandani. Akavaa koti, akaenda stejini, panaposimama matatu, kwa Njoki, muuza magazeti ambaye meza yake sasa imejaa mayai.

"Ya leo yameisha, mzee," Njoki alisema. "Siku hizi naleta tu ya watu wameagiza. Imebaki hii moja ya jana, nilikuwa nifungie watu mayai."

"Nipe hiyo."

"Ya jana? Mzee, si hiyo ni habari imelala!"

"Hata mimi nimelala wiki tatu. Lete."

Njia nzima alitunga maneno ya kuomba radhi, maneno mazuri ya kikarani. Makokha alipofungua mlango, yote yalimponyoka. Harufu ya kahawa ilitoka jikoni ikamkuta pale kizingitini. Alilifungua gazeti, akachomoa kurasa za michezo na za vifo, akamnyooshea mwenzake.

"Hizi ni zako," alisema. "Ile simu sijui kuigawa. Nilikukosea, ndugu yangu."

Makokha alizipokea. Akavaa miwani, akasoma juu kabisa ya ukurasa, penye tarehe, na Kimanzi akaona mwenzake anakawia mno hapo.

"Hili ni la jana."

"Najua."

Makokha akageukia ndani kwa mkewe. "Mama, ongeza maji kwenye sufuria!" Kisha akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa, bwana. Kama ni la jana, hatuna haraka."