Kiboti Kisicho na Pua

Mama mkwe wangu alistaafu ualimu, lakini ualimu wenyewe haujamstaafu. Ukiingia jikoni kwake na viatu vichafu unaulizwa kwanza ulisoma shule gani. Mimi na yeye tumevutana sana, maana mimi nami mdomo wangu hauna breki, na nyumba yenye wanawake wawili wasiokubali kushindwa haikosi moshi. Kwa hiyo mtu asije akasema namsifu kwa sababu ananipendelea. Namsifu kwa sababu niliyaona kwa macho yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Baba mkwe alikuwa nahodha wa kivuko maisha yake yote, hadi kiharusi kilipomlegeza upande wa kushoto. Mkono ukabaki unaning'inia, mguu ukawa wa kuburuta. Wanawe wawili, yaani mume wangu na mdogo wake, wakachanga wakanunua boti ya injini ya familia ili mzee arudi majini. Wazo zuri, sikatai. Ila ufukweni kwetu kina ni kidogo, boti haisogei karibu, inatia nanga mbali kidogo, na kuifikia lazima upande kiboti cha kuvushia. Siku ya kwanza wakaazima kiboti cha jirani, wakambeba mzee mzegamzega, mmoja kwapani, mwingine miguuni, watu wanatazama. Tukamrudisha nyumbani. Akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, akasema, "Mimi si gunia la mkaa. Nikibebwa tena, siendi. Iuzeni."

Kesho yake akageuza kiti, akawa anatazama ukuta. Mtu aliyeishi majini, jamani, anatazama ukuta! Nilikuwa nikimpelekea chai nakuta ile ya mwanzo imepoa haijaguswa. Ndipo tukaamua kutafuta kiboti chetu wenyewe, ambacho mzee ataingia na kutoka mwenyewe bila kushikwa na mtu. Kisipopatikana, boti inauzwa, na mzee ndiyo basi tena.

Tukaenda dukani: mimi, mume wangu, Mama na shemeji. Shemeji tunamwita Injinia, kwa kuwa kila anachokitengeneza lazima baadaye kiitiwe fundi. Duka lenyewe lilikuwa kando ya maji, na viboti vimepangwa sakafuni vinang'aa. Injinia akapendana papo hapo na kimoja cha plastiki, cheupe, chenye mstari wa buluu ubavuni. "Chepesi hiki! Kinakwenda kama mshale!" Mume wangu akasema hapana, tuchukue cha mpira, kinajazwa upepo, ukimaliza unakikunja. Wakaanza kubishana habari za uzito na mashine na mahali pa kukihifadhi, na muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, akawa anamkubalia kila mmoja kwa zamu.

Mama alikuwa anazunguka na mkoba wake, anavikagua. Mwisho akamwita muuzaji. "Mwanangu, hapa mtu anaingilia wapi?"

"Popote tu, Mama."

"Popote ndiyo wapi?"

Kijana akacheka, akadhani ni utani. Mama hakucheka. Akavua mtandio wake akanipa. "Nifunge."

"Nikufunge nini tena?"

"Mkono wa kushoto. Ubane mbavuni. Kaza! Mbona unafunga kama zawadi ya harusi?"

Nikakaza. Mume wangu akauliza kwa aibu, "Mama, ndiyo nini hiyo mbele za watu?" Mama akamjibu kwamba mguu atauburuta mwenyewe, hauhitaji kamba. "Ule mguu naujua kuliko mwenyewe anavyoujua. Mimi ndiye ninayeuvalisha soksi kila asubuhi."

Akaingia kwenye kile cheupe, mkono mmoja, mguu mmoja. Akakaa bila taabu. Injinia akapiga makofi. "Si mnaona!"

"Nimeiona sakafu," Mama akasema. "Baba yenu anatia nanga sakafuni? Vitieni majini."

Muuzaji akaanza kujikuna kichwa, eti kikishalowa kitaonekana kimetumika. Hapo nikashindwa kuvumilia. "Kiboti kinaharibika kwa kulowa? Kwani unauza nini hapa, makabati?" Akavitia majini.

Nyuma ya duka kulikuwa na gati fupi lenye ngazi za kushukia. Mama akakanyaga ukingo wa kile cheupe, nacho kikainama upande mmoja kama kimesubiri hiyo nafasi. Chubwi! Akazama hadi kifuani, mkono umefungwa, mkoba unaelea. Mume wangu akaruka na viatu vyake. Wapagazi waliokuwa wakipumzika pale wakaangua kicheko, nami nikawageukia nikawapa maneno ambayo sitayarudia hapa. Mama mwenyewe akasimama, maji yanamchuruzika, goti limechubuka, akaweka miwani sawa. "Hiki hapana," akasema, kwa sauti ileile ya kusahihisha mtihani.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Injinia hakukisifu tena.

"Mama, inatosha, utaumia," mume wangu akamsihi.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nileteeni cha mpira."

Cha mpira kilikuwa kitamu, nisiseme uongo. Ukingo wake mpana na laini, Mama akaukalia, akapindua miguu, akawa ndani. Mume wangu akaanza kutabasamu. Mimi pia nikasema moyoni, haya, tumepata, twende nyumbani. Lakini Mama akataka kusimama apande ngazi, kama vile anapanda boti. Akabonyeza mguu wa kulia, sakafu ikabonyea nao. Hakuna pa kujisukumia. Akarudi chini kwa makalio. Akajaribu tena, akarudi chini. Mara ya tatu akabaki amekaa, anahema.

"Kuingia unaingia," akasema. "Kutoka ndiyo unabaki humu mpaka wakubebe."

Tukatazamana kama wajinga. Sisi sote tulikuwa tumefikiria kuingia tu. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kutoka.

Akabaki palepale anatazama huku na huku, halafu akanyosha kidole. "Na kile?"

Kile kilikuwa kimefungwa mwisho wa gati, kimejaa mitungi ya gesi. Cha bati, kipana, bapa, mbele kimekatwa mraba kama karai lililogongwa na lori. Muuzaji akasema kile si cha kuuza, ni cha kupelekea mizigo kwenye maboti. Mama akasema kishushwe mizigo. Ukiambiwa na sauti ile hubishi, hata kama hukusoma kwake. Mitungi ikashushwa.

Ule upande wa mbele ukakaa bapa kwenye ngazi, kama mlango. Mama akaingia kana kwamba anaingia sebuleni. Sakafu ngumu, haikutikisika. Ilipofika zamu ya kutoka, akageuka, akaipa ngazi mgongo, akajisukuma kwa mguu wa kulia, akaikalia. Kisha akauvuta mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, akajizungusha, akasimama. Akarudia. Mmoja wa wale wapagazi akavua kofia. Mimi nilisikia fahari mpaka nikajisahau nikapiga kigelegele. Mwanamke wa umri ule, amelowa chepechepe, goti linatoka damu, na anarudia ili awe na hakika! Mimi kwa ajili ya mume wangu nisingefika hata kwenye kiboti cha pili, nami nampenda.

"Lakini Mama," Injinia akanong'ona, "na hiki watu watatucheka."

"Wameshanicheka leo, na bado napumua. Mlipe kijana." Kijana aliyesema hakiuzwi akataja bei mwenyewe. Njiani Mama akatuonya: habari za dukani mzee asizisikie, si leo wala kesho.

Nyumbani alimwambia mumewe maneno machache. Kiboti kipo. Hakuna atakayekugusa. Ukishindwa tunarudi na boti inauzwa. Mzee akageuka kutoka ukutani, akaomba fimbo yake.

Ufukweni alisimama akakikagua. "Hiki," akasema, "kimezaliwa bila pua." Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu siku ile ya kubebwa, nami nikacheka kuliko ulivyostahili. Akaingia mwenyewe, taratibu, akakaa, nasi wanne tukamfuata. Injinia akapiga makasia, jasho linamtiririka, maana kile chombo ni kizito si mchezo. Tukafika nyuma ya boti, kwenye kile kibaraza kidogo kilicho karibu na maji, kiboti kikakiegemea kwa uso wake bapa.

Mzee akainuka. Wimbi dogo likapita, naye akayumba. Mume wangu akanyosha mikono.

"Mikono chini!" Mama akafoka, na sote tukashusha mikono, hata mimi ambaye sikuwa nimeinua. Kisha akasema polepole, "Mgongo kwanza."

Mzee akageuka. Akajisukuma, akakaa kibarazani. Akauvuta ule mguu kwa mkono wa kulia, akajizungusha, akashika chuma cha ukingoni, akasimama. Peke yake. Nahodha juu ya boti. Injinia aliachia kasia likaanza kuelea, na mume wangu alikuwa analia waziwazi wala hakujificha.

Baba mkwe akaegemeza kiuno kwenye chuma, akapumua, akainama kuelekea kwetu. Akanyosha mkono wake mzima.

"Haya, Mwalimu. Lete mkono, usije ukaanguka."

Mama akautazama ule mkono. Mwanamke niliyemwona akipanda nusu mwili umefungwa, goti bado lina plasta chini ya gauni. Akalegeza mabega.

"Nivute polepole," akasema. "Mimi naogopa maji."

Akampa mkono, na mzee akamvuta.