Ngano ya Wasio na Kaburi

Muuguzi alikifunga kichupa cha sita cha damu, akakipindua na kukipindua tena taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Zornitsa akageuzia uso ukutani.

"Mimba ngapi, dada?" muuguzi aliuliza, akivuta fomu.

"Nne."

"Watoto walio hai?"

Zornitsa alitikisa kichwa. Muuguzi akachora sifuri, akaendelea na mstari wa chini.

Kwenye kiti cha pili alikaa Plamen, mumewe, mkono wa shati umekunjwa. Katika miaka minne ya mimba kuharibika hakuwahi kutobolewa hata kwa sindano moja. "Hata mimi?" alishangaa walipoitwa hospitali ya mji wa Pleven kwa vipimo vya vinasaba. Daktari Hadzhieva, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alimtazama juu ya miwani. "Kwani mtoto hutengenezwa na wangapi, bwana? Kaa hapo, kunja mkono."

Zornitsa alikuwa amekwisha kupimwa kila kinachopimika. Walimwingiza kamera tumboni, wakaipima damu yake kama inaganda kupita kiasi, wakapima tezi ya shingo, sukari, maambukizi. Kila jibu lilirudi na neno lile lile: safi. Neno hilo lilimwingia kama shutuma. Ikiwa kila kitu ni safi, basi ni yeye aliyekosea mahali. Akaanza kujichunguza kama askari anavyomchunguza mshukiwa: kreti la zabibu alilolinyanyua wakati wa mavuno, maji ya moto aliyoyaoga, ugomvi ule wa siku ya Pasaka. Barabarani alijua kwa hakika ni mtoto wa umri gani angekuwa ameshika mkono wake, na wakati mwingine alipunguza mwendo ili miguu midogo isiyokuwepo iweze kumfikia.

Waliishi katika mji wa Svishtov, ghorofa ya juu ya nyumba ya mama mkwe wake, Stanka, mjane aliyezaa mmoja tu. Stanka hakuwahi kumtukana. Alisema na masufuria. "Wengine hawajui kutulia," aliliambia sufuria la maharage. "Kutwa mbio, kutwa kazini. Tumbo nalo linataka utulivu." Zornitsa, akiwa ngazini, alilisikia kila neno, naye Stanka alijua kwamba anasikia.

Majibu yalitoka baada ya wiki saba.

"Wewe, mama, huna kasoro," alisema Daktari Hadzhieva. Akachora vijiti viwili kwenye karatasi, akavikata ncha, akazibadilishanisha. "Bwana, kromosomu zako mbili zimepeana vipande. Wewe hukupungukiwa na kitu, ndiyo maana u mzima. Lakini ukimgawia mtoto nusu yako, huenda akapata kipande hiki mara mbili na kile asipate kabisa. Huyo hawezi kukua. Mwingine anaweza kupata sawasawa, akazaliwa na kupiga kelele kama wengine. Nafasi ipo. Mama yako aliwahi kuharibikiwa na mimba?"

"Mama? Hapana. Alinizaa mimi tu."

"Mmoja tu," daktari alisema. "Muulize."

Kitu kikampanda Zornitsa kifuani, na kabla hajakizuia kikatoka: alicheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyefunguliwa pingu. Kisha akaiona mikono ya Plamen juu ya magoti, imelala kama si yake.

Garini Plamen alisema, "Kumbe ni mimi niliyewaua."

"Hakuna aliyemuua mtu, Plamen."

Ni maneno ambayo Zornitsa alikuwa akiambiwa kwa miaka minne. Leo, yakitoka kinywani mwake mwenyewe, aliona jinsi yalivyo mepesi.

Plamen hakumuuliza mama yake. Jumamosi ya Marehemu, siku ya kupeleka ngano makaburini kuwakumbuka wafu, ilipofika, Stanka alichemsha ngano, akaichanganya na sukari na jozi zilizotwangwa, na Zornitsa akajitolea kumbebea kikapu. Hakuwa amekwenda kwa wema. Alikuwa na sentensi moja moyoni, ameinoa wiki nzima: Kosa limetoka kwenu, mama, si kwangu.

Theluji ilikuwa bado imeng'ang'ania vivulini mwa makaburi. Stanka alimimina divai juu ya kaburi la mumewe, akawasha mshumaa, akawagawia majirani ngano katika vikombe vya karatasi. Kisha, badala ya kuelekea lango, akashika njia ya uzioni, penye magugu tu. Akachota ngano kwa mkono, akaitawanya. Mara moja. Mara ya pili. Hata ya tano.

"Hapa kalala nani, mama?"

"Hakuna aliyelala hapa." Stanka alijifuta mkono kwenye koti. "Unadhani Plamen alikuja peke yake? Wawili walimtangulia, watatu wakamfuata. Enzi hizo hospitali hawakukuonyesha mtoto. Walimweka kwenye beseni, wakamfunika kitambaa, wakatoka nalo. Kasisi akasema hawa hawana mahali makaburini. Basi nikawatafutia."

"Na mimi hukuniambia."

"Wako wa kwanza alipotoka, nilijua." Stanka hakumtazama. "Nikapiga magoti nikamwomba Mungu kosa liwe lako. Si langu, si la mwanangu. Lako. Nimeomba hivyo miaka minne, huku nakupikia supu."

Zornitsa aliitafuta ile sentensi aliyoinoa. Ilikuwepo, lakini hapakuwa tena na mahali pa kuichoma. Akakumbuka kicheko chake kule Pleven.

"Limepatikana kwa Plamen," alisema polepole. "Daktari anasema labda limetoka kwako."

Stanka aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa barua anayoijua kwa moyo.

"Plamen ulimbebaje?" Zornitsa aliuliza. "Wawili wamekwisha kutoka. Ulithubutuje?"

"Nani alithubutu? Nilimbeba huku naogopa, nikamzaa naogopa. Mpaka leo akichelewa kutoka kazini nasimama dirishani, mtu mzima yule, ana kipara." Akamsogezea bakuli la ngano. "Wako ni wanne, mwanangu?"

"Wanne."

Ngano ilikuwa ya baridi, inanata vidoleni. Zornitsa alisimama ameifumbata, asijue aanzie wapi, maana ardhi ilikuwa ni ile ile pande zote.

"Popote," Stanka alisema, akisogea kando kumpisha uzioni. "Wao hawachagui."

Zornitsa alifungua mkono. Shomoro walishuka papo hapo wakaanza kudonoa miguuni pao, na wanawake wale wawili wakawatazama, hakuna aliyewafukuza.