Mkeka Uliotundikwa Ukutani

Kabla sijayasikia maneno yake, niliona kidole gumba cha baba kikipapasa pindo la mkeka. Ulikuwa mkeka wa ukindu kidogo, kisha plastiki na utepe wa kaseti, umetundikwa katika maonyesho ya vijana kwenye ukumbi wa kata, bila jina la msukaji. Baba ni diwani. Alichaguliwa kwa kuahidi kulinda mila.

"Kitu cha kukaliwa mnakining'iniza kama popo!" alisema, watu wakacheka. "Kesho kitachomwa."

Nilirudi nyumbani, nikajilaza mchana ule ule, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya mchanga mweupe, mama mmoja mpole amenishika mkono. "Naitwa Heshima," alisema. "Tutembee polepole, hapa watu wana maumivu." Tukamkuta mzee Hifadhi, sura yake ni ya baba, amekumbatia kikapu cha ukindu wa zamani ambao hakumruhusu mtu kuugusa, nao ulikauka hata ukawa unavunjika kila alipovuta pumzi. Mbele yake msichana Ubunifu, miguu mitupu, alisuka kila alichookota, lakini kazi yake ilifumuka kwa kuwa haikuwa na mwanzo.

"Babu, unalinda kuni!" Ubunifu alimchokoza.

"Na wewe, mjukuu wangu, unasuka upepo," mzee akajibu, machozi yakimlengalenga.

Heshima akaniinamia. "Mwanangu, unaposuka ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, chane mpya ya ukindu unaiingiza lini?"

"Kabla ile ya zamani haijaisha," nikanong'ona. "Zinalala pamoja kidogo, ndipo zinashikana."

"Basi waambie hao."

Nikafungua mdomo. Woga akatokea nyuma yangu, akaniziba kwa viganja vyake vya baridi, na mbele ya macho yangu ukindu wa mzee ukapukutika, ikabaki chane moja tu.

Nikaamka nimelowa jasho. Baba alikuwa uani akivua viatu. Hapo ndipo nilipokielewa kile kidole: kilikuwa kimeutambua mkono fulani, na yeye mwenyewe hajui. Nikaketi karibu naye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Una nini?"

"Ule mkeka, baba. Mwanzo wake ni ukili aliouacha bibi, mama yako, alipofariki. Mimi ndiye niliyeuendeleza. Niliunga kabla chane zake hazijaisha."