Bidoni la Darasa la Tano

Niliwaambia wasilete kitu. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikasoma kwa sauti, nikawafanya wasome wao: Jumatano, saa ya kazi za mikono, kila mtoto aje mikono mitupu. Jumatano ikafika, darasa la tano zima likaingia na mafagio.

Yalikuwa mapya, bado yamefungwa kamba ya muuzaji wa sokoni. Gloire alileta matatu.

"Gloire, nilisema nini?"

"Ulisema tusilete kitu, Madamu."

"Na haya?"

"Mama anasema balimu banasemaka vile, kisha banakata batoto pointi."

Darasa lote likatikisa kichwa kwa huruma. Walikuwa wananihurumia mimi, kwa kuwa sikujua hata desturi za kazi yangu.

Desturi nazijua vizuri. Hapa Kolwezi, kila shule niliyofundisha, kazi za mikono ni hivi: mzazi ananunua fagio au kapu sokoni, mtoto analibeba hadi darasani, mwalimu anaweka pointi, na fagio linaishia nyuma ya mlango wa ofisi. Mikono pekee iliyofanya kazi ni ya yule aliyelifuma, na yeye hapewi pointi.

Mimi niliomba saa hiyo nifundishe teknolojia: watoto waone shida, wachore, waunde, wajaribu, kiharibike, waunde tena. Mkurugenzi wetu, Tata Ntambwe, alinisikiliza huku akitazama mafagio yake.

"Madamu Tshibola," akasema, "inspekteri atakuya mwisho wa mwezi. Kama batoto bako na kitu yenye kutumika, shika saa yako. Kama hapana, tutarudia ku mafagio, na usinisumbue tena."

Basi nilikuwa na mwezi mmoja kabla ya mkaguzi kufika.

Shida haikutafutwa mbali. Malori ya madini yanapita mbele ya shule tangu asubuhi, na vumbi lake jekundu linakaa kwenye kila kitu, mikate ikiwemo. Mlangoni kwa vyoo kuna beseni moja, watoto wote wanachovya mikono humo. "Ile si maji, Madamu," alisema Princesse, msichana ambaye hawezi kukaa kimya hata akila. "Ile ni uji."

Wakachora. Bidoni, dumu la mafuta ya kupikia, likining'inia kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, kamba ikitoka shingoni mwa bidoni hadi kwenye kijiti cha kukanyaga chini. Ukikanyaga, bidoni linainama, maji yanatoka. Hakuna anayegusa kitu kwa mkono mchafu. Nilifurahi sana. Nikasema, Jumatano ijayo tutaanza kuliunda, na safari hii msilete kitu isipokuwa bidoni moja tupu.

Jumatano hiyo Mama Mushiya, mama yake Gloire, akaingia uwanjani na pikipiki mbili. Ni mwanamke wa sokoni, anauza vyombo vya nyumbani, na hajawahi kuzungumza kwa sauti ya chini. Pikipiki ya nyuma ilibeba mtambo wa chuma: bomba, tangi, kikanyagio chenye springi, vyote vimepakwa rangi ya buluu.

"Madamu, kazi ya Gloire njo hii."

"Gloire amechomelea chuma?"

"Alishikilia taa."

"Mama, nilitaka watoto waunde wenyewe."

"Kuunda nini? Na makopo? Sikia, Madamu. Baba yangu alitoka Kasai kuya kufanya kazi ku mugodi, aliharibisha mikono mpaka hakuweza kufunga kifungo ya shati. Mi naleta mutoto ku masomo ashike biki, aandike. Weye unamurudisha ku udongo?"

"Simrudishi kwenye udongo. Namfundisha kufikiri."

"Afikiri na biki!"

Nilikataa mtambo. Mama Mushiya akauacha hapo hapo, mbele ya ofisi, akaenda zake. Tata Ntambwe alitoka, akauzunguka, akaupapasa kama mtu aliyeletewa ng'ombe.

Sisi tukaendelea na bidoni letu. Mara ya kwanza liliinama lote, likamwaga maji yote kwenye miguu ya Gloire. Tukafunga kamba upya. Mara ya pili liliinama likiwa tupu, kwa sababu walitoboa tundu chini sana na maji yalikuwa yamekwisha kabla hatujakanyaga. Gloire, ambaye nyumbani haruhusiwi hata kubeba ndoo, alipiga magoti kwenye matope akaziba tundu kwa mpira wa baiskeli uliokatwa vipande, wenzake wakatoboa jingine juu zaidi. Sare yake ilibadilika rangi. Nilijua mama yake atanijia juu.

Kisha Princesse akaleta ugomvi mpya. "Kijiti iko juu sana. Bale ba darasa la kwanza hapana kufika."

"Wakue," alisema mtu nyuma.

"Mpaka bakue batakufa na tumbo!"

Wakaenda darasa la kwanza na vipande vya katoni, wakachora nyayo za wale wadogo, wakakata. Wakashusha kijiti, wakakifanya chembamba, wakasogeza bidoni karibu. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo kukosa la kulalamikia.

Furaha hiyo haikudumu. Ijumaa ya mkaguzi nilifika shuleni nikakuta mtambo wa buluu mlangoni kwa vyoo, na juu yake maandishi meupe: DARASA LA TANO. Bidoni letu halikuwepo.

"Tata Direkta!"

"Usipige kelele, Madamu. Mutu mukubwa anakuya. Tutamuonyesha bidoni ya mafuta na mipira ya baiskeli?"

"Ulisema watoto waunde kitu kinachotumika."

"Hii inatumika. Na rangi iko."

"Hawakuiunda wao."

"Nani atajua?"

Kabla sijamjibu, gari la mkaguzi liliingia. Alikuwa baba mnene mpole, mwenye suruali nyeupe, siku ya kiangazi, Kolwezi. Nilimwonea huruma mapema. Akautazama mtambo, akasifu, akamgeukia Princesse na kumuuliza kwa Kifaransa jinsi walivyouunda. Princesse alifungua mdomo, akanitazama. Ndiyo, hata yeye anaweza kukosa maneno.

"Jibu kwa Kiswahili," nilimwambia. "Uliunda kwa Kiswahili."

Tata Ntambwe akanikazia macho. Princesse akavuta pumzi.

"Papa inspekteri, hii hatukuunda. Ya shi, yenye tuliunda, iko nyuma ya choo. Baliificha."

Mkurugenzi alicheka kicheko kikavu. "Batoto," akasema. "Banapenda mizaha."

Mkaguzi hakucheka. Alimwita mtoto mdogo kabisa aliyekuwa karibu, Marie wa darasa la kwanza. "Nawa, mwanangu."

Marie akakanyaga. Springi haikusogea. Akapanda kwa miguu yote miwili. Haikusogea. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, akaruka juu na kutua kwa nguvu zake zote, na maji yakatoka mara moja kama risasi, yakapita juu ya mikono yake, yakatua kwenye suruali nyeupe.

"Leteni ile nyingine," alisema mkaguzi.

Gloire na wenzake walilileta mbio. Lilikuwa limepinda, na nguzo moja ilibidi ishikwe. Marie akagusa kijiti kwa kidole cha mguu. Maji yakashuka taratibu, kiasi cha mikono miwili midogo. Akainua mguu, yakakoma. Akakanyaga tena, akacheka, na ilibidi tumwondoe kwa nguvu, maana alitaka kunawa hadi kwapani.

"Saa hii ya teknolojia ibaki," mkaguzi akamwambia mkurugenzi huku akikamua suruali. "Na mafagio myanunue wenyewe."

Nilifika nyumbani nikiimba. Nilipaswa kujua kwamba hayajaisha.

Jumatatu, kwenye mstari wa asubuhi, Tata Ntambwe alitangaza kwa fahari kwamba shule yetu imesifiwa. Kwa hiyo, akasema, kuanzia Jumatano, kila mtoto ataleta kutoka nyumbani bidoni moja la kunawia, lililokamilika. Nikageuka kutazama lango. Mama Mushiya alikuwa tayari nje, na mabidoni yametobolewa, yamefungwa kamba, yamepangwa kwenye turubai kwa ukubwa. Na matundu yalikuwa yamezibwa kwa mpira wa baiskeli, vilevile kama Gloire alivyoziba.

"Madamu Tshibola!" aliita. "Mutoto wangu njo alinifundisha!"

Niliingia darasani, nikafunga mlango, nikasimama nikiwa nimeegemeza paji la uso ubaoni. Halafu nikaandika: Jumatano, lete kitu cha nyumbani KILICHOHARIBIKA. Niliikagua sentensi hiyo kila upande. Nani angeuza kitu kilichoharibika? Nani angekinunua?

Jumatano walikuja na redio zisizosema, pasi zilizoungua, saa isiyo na mishale. Nilipita kati ya madawati nikijisikia mshindi, hadi nikafika kwa Gloire. Mbele yake palikuwa na tochi mpya kabisa, karatasi ya bei bado imebandikwa, kioo kimevunjika vipande.

"Gloire. Nani ameivunja?"

"Mama. Na nyundo."

"Kwa nini?"

"Ku nyumba hakukuwa kitu yenye kuharibika, Madamu. Alisema mwana wake hawezi kuya mikono mitupu."

Nilikuwa na mengi ya kusema, mengine hayafai darasani. Lakini Gloire hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameshafungua tochi, ametandaza springi, waya na betri kwenye dawati, na ameanza kuchora kila kimoja mahali kilipotoka. Alichora kwa biki.