Kopo la Shangazi Chini ya Taa

Shangazi aliingia maabara bila kubisha hodi, mkoba kwapani, miwani ya jua kichwani, akavuta kiti changu akakalia.

"Nimekuja kuona hayo maajabu yako," alisema. "Mimi sihukumiwi kwa meseji."

Meseji hiyo niliiandika na kuifuta mara nyingi kabla ya kuituma. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Ana saluni, na humo anauza krimu ya kung'arisha uso, ambayo huinunua kwa jumla na kuijaza kwenye makopo yenye picha yake mwenyewe, ya enzi za usichana. Nilikuwa nimeipima krimu hiyo na kukuta zebaki. Ningenyamaza, maana nyumbani huniita Kimya, na jina limenikaa. Lakini bintiye, binamu yangu, ni mjamzito, na alikuwa akijipaka asubuhi na jioni ili kuondoa madoa yaliyomtoka usoni. Zebaki hupenya ngozini ikamfikia mtoto tumboni.

"Haya, nieleze. Taratibu, kama unamweleza mteja."

Nikamwonyesha chupa ya kitu kilichoonekana kama maji tu. Nikawasha taa ya urujuani, inayofanana na ile ya kukagulia noti, na yale maji yakawaka kijani.

"Mama yangu!" Akasogea. "Umetia nini humu?"

"Nukta za kwantamu, Shangazi. Ni vipunje vidogo mno, hata hadubini ya kawaida haivioni. Vikimulikwa, vinawaka. Zebaki ikiwepo, inaving'ang'ania, vinazimika."

"Na nitajuaje kama huvizimi wewe kwa ujanja wako?"

 Jibu alikuja nalo mwenyewe. Akafungua mkoba, akatoa makopo matatu: lake, la jirani yake mwenye saluni ng'ambo ya barabara, na mafuta ya mgando ya dukani. Akatoa na chupa tatu za rangi ya kucha. Nikampa glavu na vichupa vitatu vitupu vya maabara.

"Geukia ukutani."

"Shangazi..."

"Ukutani, Kimya. Na usichungulie."

Nikageuka. Nilimsikia akichota krimu, akigonganisha vichupa, akipuliza rangi ikauke. Aliponiruhusu kugeuka, kila kichupa kilikuwa na alama yake: nyekundu, dhahabu, waridi. Kipi kina nini alijua yeye peke yake. Mimi mwenyewe ningemwomba afanye hivyo hivyo tangu mwanzo, kama ningethubutu.

Nikatia asidi ili kuitoa zebaki kama ipo, nikapasha moto, nikaupunguza ukali wa asidi, nikachuja. Muda wote huo Shangazi alikuwa akiisema krimu ya jirani.

"Ile si krimu, ni adhabu. Mteja anatoka pale uso mweupe, shingo masizi. Leo ataumbuka, utaona."

Nikadondosha zile nukta katika kila kichupa, nikazima taa za chumba na kuvimulika kwa ile ya urujuani. Chenye alama nyekundu kikawaka kijani. Cha dhahabu kikawaka vilevile. Cha waridi kikafifia, kikafifia, kikawa giza.

 Nikawasha taa za chumba.

"Cha waridi ni kopo lipi, Shangazi?"

"La jirani," akajibu haraka. "Si nilikwambia?" Akacheka, ila kicheko chenyewe kilimwishia njiani. Akaanza kukusanya makopo yake.

Ningeweza kujifanya nimeamini. Angeondoka na heshima yake, nami ningebaki na amani yangu. 

"Basi binamu aendelee kupaka?"

Mkono wake ukasimama juu ya mkoba. Akaitazama picha yake kwenye kifuniko, akakitazama kile kichupa. Akavua glavu, akachukua simu.

"Wewe! Uko wapi? Kanawe uso. Sasa hivi, nakusubiri hapa hapa... Lile kopo lifunge kwenye mfuko, usimpe mtu, na kesho nakupeleka kliniki wakupime... Nani kasema la jirani? Langu! Langu mimi mama yako, lenye picha!... Silii. Nina mafua. Kanawe, mwanangu."

Akaisikiliza simu mpaka, nadhani, aliposikia maji ya bomba. Kisha akakata na kujipangusa macho.

"Aliyeniuzia atanitambua. Na wateja wangu nitawapigia mmoja mmoja, leo leo." Akanigeukia. "Na vile vingine ninavyouza, unaweza kuvipima?"

"Naweza, Shangazi."

"Vyote?"

"Vyote. Hata mbele yako."

"Kesho tukitoka kliniki nakuja navyo." Akasimama, akashika mlango, akarudi hatua moja. Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Lakini kile cha dhahabu... kimewaka sawa na mafuta ya dukani? Sawa kabisa?"

"Sawa kabisa."

"Ndicho cha jirani." Akavuta pumzi. "Hilo lisitoke humu ndani."