Kufuli la Pili

Wasomaji, siku hiyo nililala na viatu miguuni. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha kamati ya shule, kichwa kinachemka, nikajitupa kitandani jua halijazama, mkononi nimeshika ufunguo niliopewa kikaoni. Mwalimu Nyamizi, anayefundisha sayansi katika darasa lililojaa hadi watoto wanakaa dirishani, alisimama mbele yetu hana sauti. Daktari amemwambia akiendelea kuipaza hivyo haitarudi tena. Kwa hiyo alichukua chaki akatuandikia ubaoni: tufungulieni kabati. Humo kuna projekta, spika na vishikwambi vilivyoletwa kwa ngoma na picha, na tangu siku hiyo havijaguswa. Mwalimu mkuu, Mzee Lubeleje, akauliza, "Vikiharibika, mtajibu nyie?" Badala ya kufungua, wajumbe wakaongeza kufuli la pili, la kamati, juu ya lile la mwalimu mkuu. "Mimi langu nitalifungua siku mtakayofungua la kwenu," akasema Mzee Lubeleje, akijua hatutathubutu. Na ufunguo wa kufuli la kamati wakanikabidhi mimi. "Si wewe mpiga kelele wa mali ya umma?" mwenyekiti akasema, watu wakacheka. "Basi ilinde." Nikaupokea, na kifua kikanivimba kidogo.

Usingizi uliponichukua nilijikuta katika nchi isiyo na anga. Juu palikuwa na mabati, chini saruji, na kila upande nondo nene kama mapaja. Kila kitu katika nchi ile kilikuwa kimevishwa. Milima ilitandikwa vitambaa vya kufuma vyenye maua, vile tunavyovitandika juu ya redio na televisheni majumbani mwetu; miti ilizungushiwa nailoni; hata mto ulilala ndani ya boksi lake, haujawahi kutiririka. Nikatafuta mlango nilioingilia, nikakuta ukuta. Nikazunguka tena, ukuta umenisogelea. Pumzi ikawa fupi, na hewa ilinuka plastiki mpya.

Ndipo akanijia mama mmoja mrefu, anatembea taratibu kama mtu asiyesahau njia. "Mimi ni Kumbukumbu," akasema. "Huna haja ya kunishangaa. Maisha yako yote umenitumia kugombana na watu." Akanishika mkono akanifikisha kwenye chumba kidogo, na juu ya meza ilikuwepo redio. Niliitambua kabla hajaifunua. Nikiwa darasa la tatu, shule yetu ililetewa redio ya kusikilizia vipindi vya masomo. Ikawekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa, na kila tulipoomba tuliambiwa betri zinatunzwa. Betri zikavuja zikaila redio kutoka ndani, na haikutufundisha hata neno moja. Nimelibeba jambo hilo hadi leo mvi zimenijaa.

"Nani aliiharibu?" Kumbukumbu akauliza.

"Hakuna."

"Ndiyo. Hakuna aliyeiharibu, ndiyo maana hakuna aliyeulizwa."

Tukaendelea hadi kwenye meza pana, nyuma yake ameketi mwanamke nadhifu, nguo zimepigwa pasi, miguu inatetemeka chini ya meza. "Karibu, mjumbe," akasema. "Naitwa Utunzaji." Kumbukumbu akacheka. "Huyu ni Hofu. Jina hilo ameliazima kwa jirani, na jirani analitaka." Kando yake alisimama Bwana Sifa, mkasi mkononi, utepe mwekundu shingoni. "Umekuja kukabidhi au kupokea?" akaniuliza. "Kama si siku ya picha, mimi sina la kukusaidia."

Nyuma yao nikawaona wapagazi, majitu yenye mabega mapana, wamefungwa nailoni tangu kichwani. Mmoja uso wake uliwaka kama taa. "Sisi hatufundishi, mjumbe," akasema. "Hatumjui mtoto ambaye hajala tangu jana, mwalimu anamjua. Sisi ni wa kubeba tu. Anachora moyo kwa chaki, akimaliza kipindi kimekwisha. Mimi ningeuweka ukutani unadunda, naye akapata nafasi ya kumwendea yule wa nyuma." Wa pili, mwenye kifua kama ngoma, akaunga: "Angenong'ona tu. Kufika dirishani ni kazi yangu." Na wale wadogo wadogo waliorundikana wakasema kwa pamoja, "Akiwa na kundi moja, jingine lingebaki nasi likifanya mazoezi. Tungemwambia nani amekwama, na wapi."

Kupitia nondo nikamwona Mwalimu Nyamizi. Alikuwa anafundisha, lakini kila neno lilimtoka mdomoni likiwa vumbi la chaki, na vumbi likajikusanya miguuni, likapanda magotini, likafika kifuani. Watoto walimtazama tu. Nikapiga kelele, wasomaji, na mimi kelele najua, lakini zangu nazo zikatoka vumbi. Nikazitikisa nondo hadi mikono ikachubuka. Nikamrudia Hofu, sauti ya kukwaruza. "Fungua, mama wewe. Atafukiwa."

"Nifungue na nini?" Hofu akasema, na kwa mara ya kwanza miguu yake ikatulia. "Sijawahi kuwa na ufunguo. Mimi huwaomba watu wanishikie, na wanakubali. Wengine hata huvimba kifua."

Vumbi lilikuwa limefika shingoni mwa mwalimu. Kumbukumbu akanisogelea, akasema polepole, "Umeniweka miaka yote nikukumbushe waliofunga. Hukuwahi kuniuliza nani anafungua. Fungua mkono wako." Nikajaribu. Vidole vilikuwa vimekaza kama si vyangu, na ndani yake chuma kinachoma.

Rimu la gari, kengele ya shule, likagongwa, nikashtuka. Asubuhi ilikuwa imeingia dirishani, na ngumi yangu ilikuwa bado imefungwa. Nilivikunjua vidole kimoja kimoja. Ufunguo ulikuwa umejichora kwenye kiganja. Hapo nikaelewa walichonipa wale waliocheka: kiti nyuma ya meza ile. Walijua mtu anayepiga kelele nje ya nondo hunyamaza akipewa ufunguo.

Viatu nilikuwa navyo tayari. Sikunawa uso. Njia nzima nilikuwa narudia jibu la lile swali la Mzee Lubeleje, nisije nikalisahau nikifika mbele ya kabati: vikiharibika kwa kutumika, nitajibu mimi.