Sebule ya Mukunde Imehamia kwa Shallon

Jumamosi ya umuganda, siku ya mtaa mzima kufanya usafi, Mukunde alikuwa ameinama anang'oa majani kwenye mfereji wa barabara, juu kidogo ya njia panda ya Sonatubes, mikono iko kwenye majani, macho yako kwenye nyumba ya jirani yake, Shallon. Alihesabu madirisha. Jana yalikuwa sita. Leo yako nane, na yale mawili ya pembeni aliyajua vizuri, maana aliyapaka rangi mwenyewe.

Sebule yake ilikuwa imehama.

Haikuwa ya kwanza mtaani. Tangu ghala la Masoro lipunguze siku za kazi, Évode, mume wake, alikuwa anapata nusu mshahara, na mkopo wa nyumba ulikuwa haujalipwa miezi mitatu. Watu wote wanajua mwezi wa tatu chumba kinaondoka. Kilichomuuma Mukunde ni kule kilikoenda. Kingeenda hata kwa pasta. Lakini kwa Shallon!

Ndayisaba, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wao, alipita na daftari lake la wakazi.

"Mukunde, sebule yako iko wapi?"

"Si unaiona? Iko kwa Shallon."

"Basi pesa ya takataka ya hiyo atalipa yeye." Akaandika, akaenda zake.

Mchana Mukunde alikwenda kuisalimia sebule yake. Shallon akamkalisha kwenye kochi la Mukunde mwenyewe.

"Karibu, chérie. Jisikie nyumbani."

Mvua ikaanza. Mukunde akatazama dari, pale palipovuja miaka minne, akangoja. Halikudondoka hata tone.

"Kwako ilikuwa inavuja?" Shallon aliuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi.

"Kidogo tu," Mukunde akasema.

Mwezi uliofuata chumba cha kulala kiliondoka asubuhi, Mukunde akiwa jikoni na Évode akiwa bado amelala ndani. Saa moja Évode akatokea mlangoni kwa Shallon, mswaki mdomoni.

"Umeamkia wapi?" Mukunde akamuuliza.

"Chumbani kwetu."

"Na umenawa maji ya nani?"

Évode alifikiri. "Maji yake iko moto," akasema, na hapo ndipo alipokosea. Siku nne hakuandaliwa chakula.

Ikabaki jikoni. Jumapili ilikuwa zamu ya Mukunde kupokea ikimina, ile pesa ambayo wanawake wa mtaa wanachangiana kila wiki. Ilitosha kulipa benki mwezi mmoja, na jikoni isingekwenda popote. Évode alimwambia hivyo mara mbili, njaa ikimsaidia kusema. Lakini Mukunde alikuwa ameshaona sebule yake ilivyonawiri kule. Chumba kinapenda kutunzwa, aliwaza. Kikiona mapazia mazuri kitarudi chenyewe. Akachukua pesa yote, akapanda pikipiki hadi madukani Muhima, akarudi na mapazia ya zambarau yenye nyuzi za dhahabu, marefu kuliko ya Shallon kwa shubiri mbili. Akayatundika jikoni, upande wa jirani, dirisha wazi.

Jumatatu jikoni iliondoka na mapazia yake.

Mukunde akafunga kitenge vizuri, akaenda kwa Shallon kugombana. Akakuta geti tu. Nyuma ya geti Shallon alikuwa amesimama kwenye udongo mtupu na birika la chai mkononi.

"Na wewe?"

"Miezi mitatu. Nyumba nzima ilikuwa dhamana ya duka, na duka haliuzi kitu."

"Kumbe ulikuwa unaniringia na deni!"

"Ungejua, ungenihurumia?"

Mukunde alifikiri kwa haki. "Hapana."

Vyumba vyote, vya huyu na vya yule, vilikuwa vimepanda kilimani na kujibandika kwenye nyumba ya tajiri mmoja ambaye mtaa haujawahi kumwona. Vyumba sasa vilikuwa arobaini na kitu. Alikuwepo mlinzi tu, naye alilala kwenye kibanda cha getini. Ndayisaba alikuja, akawahamishia wote wawili kwenye ukurasa wa wageni wa daftari lake, akawaomba namba za simu.

Walibaki wamesimama, shingo juu, wakitafuta vyao.

"Sebule yangu wameiweka mbele," Mukunde akasema polepole. "Inaangalia barabara."

Shallon aliendelea kutafuta yake.

"Ya kwako iko nyuma kabisa. Pale kwenye choo."

Shallon akaangalia sana, mkono juu ya macho. Ilikuwa kweli. Akamwaga chai yake chini, na hadi jioni hakumsemesha.